Mwili Haumsahau Mgeni

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary huko Uskoti, alilazwa mwanamke aliyeungua vibaya. Alikuwa na kifafa. Kilimwangusha kwenye moto wa gesi, na ngozi nzima iliyomsalia haikutosha kufunika kidonda. Daktari wa upasuaji, Thomas Gibson, akaomba ngozi kwa kaka yake mgonjwa. Akaitoa vipande vidogovidogo, akavipanga juu ya kidonda kama mtu anayepandikiza miche ya mchicha kwenye tuta. Jirani na vipande hivyo akapanga vingine vilivyotoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Kando ya kitanda alikuwapo kijana mrefu ambaye hakuwa daktari. Peter Medawar alikuwa mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Oxford, mzaliwa wa Brazil, baba yake Mlebanoni. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake, na rubani akatolewa akiwa ameungua sehemu kubwa ya mwili. Madaktari walimwita Medawar wakimuuliza kama anajua namna yoyote ya kumfunika yule mtu ngozi. Hakuwa na jibu, na swali lile halikumtoka tena kichwani. Sasa alikuwa Glasgow, na kazi yake ilikuwa kungoja. Kila baada ya siku kadhaa alichukua kijipande, akakitazama kwa hadubini, akaandika alichokiona.

Siku za mwanzo vipande vyote vilishika. Ngozi ya kaka na ya dada zilikuwa hazitofautiani. Kisha ile ya kaka ikaanza kuvimba, damu ikasimama kwenye vishipa vyake, chembe nyeupe zikaizingira, ikayeyuka. Hilo madaktari walikuwa wamelizoea. Jambo jipya lilikuja kwenye awamu ya pili, maana Gibson, wiki kama mbili baada ya kupanda vile vya kwanza, alikuwa amepanda vipande vingine kutoka kwa kaka yuleyule. Hivi havikupewa hata siku za ugeni. Viliharibika upesi kuliko vya kwanza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mwili wa mwanamke yule ulikuwa umeshika jembe mlangoni kabla mgeni hajabisha hodi.

Medawar alielewa maana yake. Kama ngozi ingekufa kwa kukosa damu au kwa ushonaji mbaya, mara ya pili ingekufa kwa mwendo uleule wa mara ya kwanza. Kuharakisha maana yake ni kukumbuka. Mwili ulikuwa umejifunza, kwa njia ileile inayomfanya mtoto aliyeugua surua asiugue tena. Alirudi Oxford, akarudia jaribio kwa sungura, akalipanga kwa hesabu, na mwaka 1944 akachapisha matokeo. Kwa maoni yangu, tiba ya kupandikiza viungo ilianzia pale, kwenye kidonda cha mwanamke ambaye ripoti ya utafiti ilimtaja kwa kifupi tu cha jina, ingawa vitabu vingi huanza na wapasuaji.

Tuwape nao haki yao. Mwaka 1894, katika mji wa Lyon, Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu tumboni. Kisu kilikata mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na wapasuaji wakamwangalia akifa kwa sababu hakuna aliyejua kuunganisha mshipa wa damu uliokatika. Mwanafunzi wa udaktari katika mji huo, Alexis Carrel, hakukubali kwamba haiwezekani. Alikwenda kujifunza kwa mwanamke fundi wa kutarizi, akaisomesha mikono yake sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 alichapisha njia yake: unauvuta mdomo wa mshipa kwa nyuzi tatu ili duara liwe pembetatu, kisha unashona upande mmoja mmoja ulionyooka. Njia hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1912.

Kwa hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita kushona figo mahali pake lilikuwa jambo linalowezekana. Carrel alihamia Marekani, na huko alihamisha figo za mbwa na paka kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Figo ya mnyama mwenyewe, hata ukiihamishia shingoni, ilitoa mkojo. Ya mnyama mwingine ilifanya kazi siku chache kisha ikafa, hata mshono uwe mzuri namna gani. Kule Lyon, mwaka 1906, Mathieu Jaboulay alijaribu kwa wagonjwa wawili waliokuwa wakifa: mmoja alishonewa figo ya nguruwe, mwingine ya mbuzi. Hazikumaliza siku nyingi. Mwaka 1933, huko Kherson nchini Ukraine, Yurii Voronoy alichukua figo ya maiti akampandikiza mwanamke aliyekunywa sumu ya zebaki. Makundi ya damu yalikuwa tofauti. Mama yule alifariki baada ya siku mbili.

Kulikuwa na jambo moja tu lililofanikiwa, nalo liliwachanganya watu zaidi. Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, daktari wa macho Eduard Zirm alimpandikiza kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa kioo cha mbele cha jicho la mvulana ambaye jicho lake lilikuwa limejeruhiwa na kulazimika kutolewa. Jicho moja la yule kibarua liliona tena, na halikukataliwa. Leo tunajua siri yake: kioo cha jicho hakina mishipa ya damu, kwa hiyo walinzi wa mwili hawapiti huko katika doria zao. Wakati ule ilionekana bahati tu.

Mkasa wa Marius Renard wa Paris ndio unaoonyesha jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya dawa kupatikana. Alikuwa fundi mbao wa miaka 16. Desemba 1952 alianguka kutoka juu, figo ikapasuka, na madaktari wakaitoa ili kuzuia damu. Walipomfunga ndipo walipogundua kwamba kijana alizaliwa na figo moja. Mama yake akawaambia wachukue ya kwake. Usiku wa kuamkia Krismasi, katika hospitali ya Necker, kundi la Profesa Jean Hamburger lilifanya kazi hiyo. Figo ya mama ilitoa mkojo mara moja. Kijana akapata nafuu, akakaa kitandani, magazeti yakamwandika, nchi nzima ikawa inauliza hali yake kila asubuhi. Wiki tatu. Kisha figo ikakoma, na kijana akafa. Huyo alikuwa mama mzazi. Kama mwili unaweza kumkataa aliyeubeba tumboni, nani basi angekubaliwa?

Jibu lilitoka zizini. Mwaka 1948 Medawar alikuwa kwenye mkutano huko Stockholm, akakutana na mtafiti wa mifugo aliyetaka kujua namna ya kutambua kama ndama mapacha ni wa yai moja au mawili. Medawar, kwa kujiamini kwa mtu aliyeshinda hoja, akamwambia ni rahisi: badilishana ngozi zao, wa yai moja zitashika, wa mawili zitakufa. Yeye na mwenzake Rupert Billingham wakaenda shambani na visu vyao, wakabadilisha ngozi za ndama, na karibu zote zikashika. Zilishika hata kwa pacha dume na jike, ambao hawawezi kuwa wa yai moja. Naipenda sehemu hii ya historia kwa sababu mtaalamu alikosea mbele ya ng'ombe, na hakuona haya kukiri.

Wakapekua maandiko, wakakuta kwamba Ray Owen wa Wisconsin alikuwa ameandika tangu mwaka 1945: ndama mapacha huchangia mzunguko wa damu wakiwa tumboni, na kila mmoja huzaliwa akiwa na chembe za mwenzake damuni. Yaani mwili haujui nani mwenyeji na nani mgeni tangu siku ya kwanza; hufundishwa kabla ya kuzaliwa. Atakayekutwa ndani wakati wa somo huhesabiwa wa nyumbani. Billingham, Medawar na Leslie Brent wakajaribu wenyewe. Walidunga chembe za panya weupe kwenye vijusi vya panya wa kahawia vikiwa bado tumboni. Walipozaliwa na kukua, wakawapandikiza ngozi ya wale weupe. Mwaka 1953 picha ilichapishwa: panya wa kahawia, ana afya yake, na mgongoni ana kiraka cha manyoya meupe. Hakikuwa na faida ya moja kwa moja kwa mgonjwa yeyote, kwani huwezi kumdunga mtu kabla hajazaliwa ukisubiri siku atakayougua figo. Lakini kiraka kile kilithibitisha kwamba ukuta una mlango.

Mwaka uliofuata, Boston, ulipatikana mlango ambao maumbile yenyewe yaliuacha wazi. Richard Herrick, miaka 23, alikuwa anakufa kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa na pacha, Ronald, mzima wa afya, na walifanana kiasi cha watu kuwachanganya. Joseph Murray, mpasuaji wa hospitali ya Peter Bent Brigham, alikuwa amewauguza askari walioungua wakati wa vita, na aliona kwa macho yake kwamba ngozi za watu wanaokaribiana kwa damu hudumu kidogo zaidi. Lakini ilibidi kuhakikisha kwamba hawa ni wa yai moja. Wakabadilishana ngozi, ikashika. Wakapelekwa kituo cha polisi kuchukuliwa alama za vidole zilinganishwe, na kutokea hapo waandishi wa habari wakalipata jambo lenyewe.

Kilichomsumbua Murray zaidi kilikuwa Ronald. Tangu tiba ianze, daktari hukata mwili ili kuusaidia mwili huohuo. Hapa alitakiwa kumpasua mtu mzima, asiyeumwa kitu, kwa ajili ya mwingine. Walishauriana na madaktari wenzao, na viongozi wa dini, na wanasheria. Usiku wa mwisho Richard, akiwa kitandani, alimwandikia ndugu yake kijikaratasi akimtaka aondoke arudi nyumbani. Ronald akamjibu kwamba yuko pale na haendi popote.

Tarehe 23 Desemba 1954 figo ilitolewa chumba kimoja ikaingizwa cha pili. Vibanio vilipofunguliwa, figo iliyokuwa imepauka ikajaa, ikageuka rangi ya waridi, na mkojo ukatoka kwa kasi hata ukabidi kupanguswa sakafuni. Sidhani kama kuna watu wengine waliowahi kufurahia kupangusa mkojo namna ile. Richard aliishi miaka minane. Alimwoa muuguzi aliyemhudumia, wakapata watoto.

Wangapi, hata hivyo, wana pacha wa yai moja? Murray na wenzake walirudi kwenye ukuta. Walijaribu kuwapiga wagonjwa mionzi mwili mzima ili kuua chembe za ulinzi. Ulinzi ulikufa kweli, na wagonjwa wengi wakafa nao kwa maambukizi. Nafuu ilitoka kwa watu waliokuwa wakitafuta dawa ya saratani ya damu. Gertrude Elion, mwanakemia ambaye hakuwahi kumaliza shahada ya uzamivu, alikuwa akifanya kazi na George Hitchings katika kampuni ya Burroughs Wellcome. Walitengeneza kemikali inayofanana na tofali la vinasaba lakini bovu, hivyo chembe inayozaliana kwa kasi ikilitumia hukwama. Mwaka 1959 Robert Schwartz na William Dameshek waligundua kwamba dawa hiyo inawafanya sungura wasitengeneze kinga dhidi ya protini ngeni. Mwingereza kijana, Roy Calne, akaijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo. Kisha akahamia Boston kwa Murray na kuendelea na dawa ndugu ya hiyo, azathioprini. Mwaka 1962 figo ya marehemu asiye na udugu wowote na mgonjwa ilikubaliwa na kufanya kazi zaidi ya mwaka. Huko Denver, Thomas Starzl akaonyesha kwamba ukiongeza prednisoni matokeo yanakuwa mazuri zaidi.

Na hapo ndipo Afrika inapoingia, kwa kishindo ambacho kwa maoni yangu kilikuja mapema mno. Jumamosi ya tarehe 2 Desemba 1967, Denise Darvall, msichana wa miaka 25, alisimamisha gari katika mtaa wa Cape Town, akaingia na mama yake kununua keki. Wakivuka barabara kurudi, gari liliwagonga. Mama alifia palepale; ubongo wa Denise ukafa. Baba yake aliombwa moyo wa binti yake siku ileile aliyompoteza mkewe, na akakubali. Alfajiri, katika hospitali ya Groote Schuur, Christiaan Barnard aliuingiza moyo huo kifuani mwa Louis Washkansky, mfanyabiashara wa duka la vyakula. Dunia nzima ilisimama. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia: dawa zilizofungia chembe za ulinzi zisiushambulie moyo ndizo zilizoufungulia ugonjwa mapafu. Mgonjwa wa pili, daktari wa meno Philip Blaiberg, aliishi miezi 19 kwa moyo wa Clive Haupt, kijana ambaye sheria za ubaguzi zilimhesabu kuwa chotara. Katika nchi ile watu hao wawili wasingeruhusiwa kuketi benchi moja.

Katika maabara ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Cape Town alikuwapo mtu mwingine. Hamilton Naki alitoka Transkei akiwa kijana, akaajiriwa kutunza bustani ya chuo. Baadaye aliitwa ndani kumshikilia twiga aliyekuwa akifanyiwa utafiti, na hakurudi tena nje. Alijifunza kutia usingizi, kushona mishipa, kupandikiza maini ya wanyama, na akawafundisha wapasuaji vijana ambao baadaye walikuja kuwa maprofesa. Alipostaafu mwaka 1991 pensheni yake ilikuwa ya mtunza bustani. Mwaka 2003 chuo kilimpa shahada ya heshima. Kuna simulizi kwamba alishiriki kumpasua Washkansky usiku ule. Si kweli, na magazeti makubwa yaliyoiandika alipofariki mwaka 2005 yalilazimika kusahihisha. Simulizi ile haimwongezei kitu, kwa kuwa ya kweli yanatosha.

Baada ya Barnard kila hospitali kubwa ilitaka moyo wake. Mwaka 1968 peke yake ilipandikizwa mioyo ipatayo 100 duniani, na wengi wa wagonjwa wakafa. Karibu wote wakaacha. Norman Shumway wa Stanford, aliyekuwa ameitafiti kazi hii kwa mbwa kwa miaka mingi kabla ya kupitwa na Barnard, akaendelea taratibu, mgonjwa baada ya mgonjwa.

Udongo ndio uliowarudisha wengine. Kampuni ya Sandoz ya Uswisi ilikuwa na desturi ya kuwaomba wafanyakazi wake wanaokwenda likizo warudi na mfuko mdogo wa udongo, labda patakuwa na kuvu wa kutengenezea dawa za kuua vijidudu. Mwaka 1969 mmoja wao alichota udongo kwenye nyanda za juu za Hardangervidda, Norway. Kuvu aliyetoka humo hakuua vijidudu vya maana. Lakini mwaka 1972, katika maabara ya Hartmann Stähelin na Jean Borel, ilionekana kwamba kitu chake kimoja kinazituliza zile chembe nyeupe zinazoshambulia viungo, bila kuziua chembe nyingine ovyo. Hicho ndicho saiklosporini. Haikuyeyuka kwenye maji, na Borel aliimeza yeye mwenyewe ikiwa imechanganywa na pombe ili ajue kama inaingia damuni. Cambridge, kwa Calne, mtafiti kutoka Ugiriki, Alkis Kostakis, aliiyeyusha kwenye mafuta ya zeituni. Mwaka 1978 Calne akaanza kuwapa wagonjwa, na mwaka 1983 Marekani ikaiidhinisha. Kupandikiza figo, ini na moyo kukaacha kuwa habari ya ukurasa wa mbele, kukawa kazi ya hospitali.

Mwaka uliofuata Wajapani nao walichota udongo wao, kwenye eneo la Tsukuba, wakapata takrolimasi, yenye nguvu zaidi. Wakati huo mgonjwa wa figo wa Dar es Salaam aliyehitaji kupandikizwa alikuwa na njia moja, kupanda ndege na ndugu yake kwenda nje, mara nyingi India. Hali hiyo ilidumu hadi Novemba 2017, Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania ikishirikiana na madaktari kutoka India. Machi 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, na walioshika mkono wa wenyeji huko walikuwa Wajapani wa Tokushukai.

Figo zenyewe hutoka kwa ndugu. Kwetu kipimo cha kwanza hufanyika kabla ya maabara, katika kikao cha familia: nani yuko tayari, mkewe anasemaje, bado hajazaa, je shangazi amekubali. Ndipo damu inapochukuliwa, na mashine zikatazama mambo ambayo Medawar aliyatazama kwa jicho kwenye hadubini.

Aliyepandikizwa utamtambua kwa simu yake. Inalia saa mbili kamili asubuhi, anaomba maji, anameza. Inalia tena saa mbili usiku, awe harusini, awe msibani. Figo imekaa mahali pake miaka mitano, inatoa mkojo, haimuumi, na majirani wamekwisha kusahau. Chembe nyeupe hazijasahau. Akiacha vidonge wiki chache kwa kuwa anajisikia mzima, zinaikuta figo ya kaka yake palepale, na kuanza pale zilipoishia Glasgow.